Mkopo, Ruzuku au Haki? Uchambuzi wa Istilahi za Umeme wa Jua wa Majumbani

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa Pemba, ametuletea rasimu ya kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, akaomba tumpe maoni yetu. Kijitabu hicho kimekusudiwa kusomwa katika semina za wananchi za Wete, Chake Chake na Mkoani. Kinaeleza jinsi mwenye nyumba awezavyo kuweka paneli za jua juu ya paa lake, akatumia mchana umeme alioufua mwenyewe, akaupeleka katika gridi ule unaozidi, kisha akahesabiwa kile alichokipeleka. Kadhalika kinaeleza misaada ambayo serikali za nchi mbalimbali huwapa wenye nyumba ili waweze kununua mitambo hiyo.

Hatutamtaja aliyekifasiri wala waliokitoa, maana kusudi letu si kumwaibisha mtu. Mfasiri amefanya kazi ngumu mahali ambapo njia haijafyekwa, na katika mambo kadhaa amefaulu. Lakini yako maneno matatu au manne ambayo, yakipita kama yalivyo, yatamwacha msomaji akiamini kinyume cha kilichokusudiwa. Na hapa kuamini kinyume ni kupata hasara ya fedha. Ndiyo sababu tumeona yafaa tuzijadili istilahi hizi mbele ya wasomaji wetu wote, hasa watumishi wa serikali na wafasiri, ambao kesho na keshokutwa watakutana nazo mezani kwao.

1. Jambo lenyewe

Istilahi haipimwi mpaka jambo lenyewe lieleweke. Basi tulieleze kwa ufupi.

Utaratibu wa kuhesabu umeme uingiao na utokao katika nyumba moja si mpya. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1983. Kwetu, Tanzania Bara ilipata kanuni zake mwaka 2018. Kenya iliutaja katika Sheria yake ya Nishati ya mwaka 2019, na kanuni za utekelezaji zikafuata mwaka 2024. Kwa upande wa Zanzibar, mambo ya umeme yana mdhibiti wake, yaani ZURA, na huduma hutolewa na Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO. Hivyo kanuni za Bara hazisemi juu ya paa la Mpemba. Rasimu tunayoizungumzia haitangazi kanuni yoyote. Inawaeleza watu tu, ili siku watakapoulizwa maoni yao wawe wanajua wanachoulizwa. Hapo ndipo uzito wa maneno ulipo, maana mtu hawezi kukubali wala kukataa jambo ambalo jina lake limempoteza.

Pemba yenyewe ina sababu ya pekee ya kulisikiliza jambo hili. Hadi mwaka 2010 kisiwa kiliangaziwa kwa mitambo ya mafuta ya dizeli iliyokuwa Wesha. Mwaka huo ulikamilika waya wa chini ya bahari utokao Tanga, uliojengwa kwa msaada wa Norway, na tangu hapo Pemba imeungana na gridi ya taifa. Mwenye paneli juu ya paa lake huko Pemba si mtu aliye porini peke yake: ni mteja wa gridi ambaye anataka pia kuwa mpelekaji. Uhusiano huo wa pande mbili ndio uliotutatiza sisi wapima maneno.

Tena tukumbuke kwamba tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria huko Bara. Neno linaloingia leo katika kijitabu cha semina, kesho laweza kuingia katika kanuni. Likishaingia humo, kulitoa ni kazi ya bunge.

2. Wavu, halisi, safi, jumla

Istilahi ya Kiingereza inayotaja utaratibu huu imeundwa kwa maneno mawili. La pili halina taabu: ni kupima kwa mita. La kwanza ndilo lenye mtego, kwa kuwa katika Kiingereza tamko moja hutaja chombo cha mvuvi, na pia hutaja kile kinachobaki baada ya kutoa. Ukurasa wa pili wa rasimu umeandika "upimaji wavu". Mtu wa Kojani, ambaye wavu ni riziki yake, atauliza umeme unavuliwa wapi. Hapa mfasiri alitazama kamusi badala ya kutazama maana. Hatuna haja ya kuongeza neno.

Ajabu ni kwamba mbele kidogo rasimu hiyo hiyo imeacha wavu na kuandika "upimaji halisi", kisha "upimaji safi", na mahali pamoja "upimaji wa jumla". Tuyatazame moja moja, maana kila moja lina watetezi wake.

"Halisi" lina hoja nzuri. Kwenye mifuko ya unga na makopo ya maziwa tunasoma "uzito halisi", yaani uzito baada ya kuondoa chombo. Lakini katika shughuli za umeme na maji neno hili limekwisha kupewa kazi nyingine. Usomaji halisi wa mita ni ule uliosomwa kwenye mita yenyewe, na kinyume chake ni makadirio. Mteja atakayesoma "upimaji halisi" atadhani ameahidiwa kwamba hatakadiriwa tena. Ni ahadi njema, lakini si hiyo iliyokusudiwa.

"Safi" hutumika katika uhasibu, kama katika "faida safi". Hata hivyo katika habari za nishati neno hili limechukuliwa. Tangu serikali ilipotoa mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, kila asikiaye "safi" karibu na "umeme" hufikiria moshi na kuni. "Upimaji safi" wa umeme wa jua utafahamika kuwa ni upimaji wa nishati isiyochafua hewa.

"Jumla" ni kosa kubwa kuliko yote matatu, kwani ni kinyume kabisa. Upo utaratibu mwingine ambao umeme wote unaofuliwa na paneli hupimwa peke yake na kuuzwa wote kwa gridi, na umeme wote unaotumiwa nyumbani hupimwa peke yake na kununuliwa wote. Huo ndio unaostahiki kuitwa upimaji wa jumla. Kuyaita mambo mawili yaliyo kinyume kwa jina moja ni kumfunga msomaji macho.

Kuna waliotushauri neno la asili zaidi, yaani "kukatana", kama wafanyavyo wafanyabiashara wawili wanaodaiana: huyu anakata chake, yule anakata chake, na anayezidiwa analipa. Kwa maana, neno hili ni zuri mno, na kwa muda tulitaka kulichukua. Kilichotuzuia ni kwamba umeme nao hukatika na wateja nao hukatiwa. Taarifa isemayo "nyumba yako imeingizwa katika mkatano wa umeme" haitapokewa kwa furaha na mtu yeyote.

Tumerudi basi kwenye neno ambalo kila mtoto wa shule ya msingi amelipata katika hesabu za kutoa, nalo ni "tofauti". Kinachofanyika hapa ni kutafuta tofauti kati ya uniti zilizoingia na uniti zilizotoka. Tena twaona kwamba jambo hili kwa hakika si upimaji, bali ni hesabu. Zamani mita ilikuwa na kisahani kinachozunguka, na umeme uliporudi kisahani kilizunguka kinyume, kwa hiyo mita ilipima na kuhesabu kwa pamoja. Mita za elektroniki za siku hizi haziko hivyo. Zilizotengenezwa kwa kazi hii huandika mambo mawili mbali mbali, yaliyoingia na yaliyotoka. Nyingine, ambazo hazikutengenezwa kwa kazi hii, huweza kuhesabu umeme utokao kana kwamba umeingia, na mteja akalipia alichokitoa. Kwa hiyo twapendekeza "hesabu ya tofauti".

Pendekezo hili lina faida ya pili. Rasimu imechanganya taratibu mbili zinazofanana. Katika ule wa kwanza uniti hutolewa kwa uniti. Katika ule wa pili uniti zilizotoka huthaminiwa kwa bei yake, zilizoingia kwa bei yake, kisha hutafutwa tofauti ya fedha. Tuchukue mfano. Nyumba imepokea uniti 120 na kupeleka 90. Tuseme bei ya kununua ni shilingi 400 kwa uniti, na bei ya kupeleka ni shilingi 200. Kwa utaratibu wa kwanza tofauti ni uniti 30, na malipo ni shilingi 12,000. Kwa utaratibu wa pili mteja anadaiwa shilingi 48,000, zinatolewa 18,000, na analipa 30,000. Paa ni lile lile na jua ni lile lile, bali malipo yamezidi mara mbili na nusu. Taratibu zenye matokeo yaliyo mbali namna hii haziwezi kuchangia jina moja. Tuseme "hesabu ya tofauti kwa uniti" na "hesabu ya tofauti kwa fedha". Majina ni marefu kidogo, lakini hayamdanganyi mtu.

3. Mkopo ambao si mkopo

Hapa ndipo kosa lenye madhara makubwa kuliko yote. Rasimu inasema: "Kwa kila uniti utakayopeleka katika gridi, shirika litakupa mkopo wa uniti." Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina maana nyingi: mkopo, sifa njema, imani, na katika vitabu vya hesabu, upande wa kile mtu anachodai. Mfasiri amechukua maana ya kwanza kwa sababu ndiyo inayosikika kila siku redioni.

Mkopo hulipwa. Asomaye sentensi ile ataelewa kwamba akipeleka uniti 90 atakuwa anadaiwa uniti 90. Kwa mfano wetu wa juu, atadhani deni lake la mwezi ni uniti 210 badala ya 30. Mwalimu aliyetuletea rasimu anasema kwamba alipowasomea jirani zake, wa kwanza kunena alikuwa mzee aliyeuliza kama mkopo huo una riba. Swali hilo si la mzaha. Kwa watu ambao karibu wote ni Waislamu, mkopo wenye riba ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la fedha. Neno moja lililochaguliwa vibaya lingeweza kuwafanya waumini waache kitu ambacho hakina hata chembe ya riba ndani yake, wala si mkopo.

Ukweli ni kinyume. Anayepeleka uniti ni mdai. Shirika ndilo mdaiwa. Kiswahili kina tofauti hiyo tangu zamani katika vitendo "kudai" na "kudaiwa", na hakuna sababu ya kuificha.

Tumefikiria "akiba ya uniti". Linavutia, lakini akiba haiozi, kama wahenga walivyotwambia, ilhali katika baadhi ya nchi uniti alizodai mteja hufutwa mwisho wa mwaka wa hesabu zisipotumika. Tena si kila mahali uniti moja inayopelekwa huhesabiwa kuwa moja. Kanuni za Kenya za mwaka 2024 humhesabia mteja nusu ya kile alichopeleka. Uniti zetu 90 zingekuwa 45, na angelipia 75. Akiba inayopungua nusu siku ya kuwekwa, na inayofutwa isipochukuliwa, haistahiki jina hilo.

Neno tunalolipendekeza ni "salio". Wananchi wanalijua kwa sababu ya simu zao, na wanajua kwamba salio la simu lina masharti na pengine lina mwisho. Tena linaafiki mita za malipo ya kabla, LUKU huko Bara na TUKUZA huku Zanzibar, ambapo mtu hununua uniti kwanza na kuzitumia baadaye. (Na hapa tuseme kwa kupita kwamba rasimu inazungumzia "bili ya mwisho wa mwezi" kama kwamba kila nyumba huletewa karatasi. Mfasiri hakufasiri nchi, amefasiri maneno tu.) Tunajua pingamizi: salio laweza pia kuwa la deni. Basi iandikwe daima "salio la mteja" kwa kile anachodai, na "deni la mteja" kwa kile anachodaiwa.

4. Ruzuku na visivyo ruzuku

"Ruzuku" ni neno zuri, lenye nasaba moja na "riziki". Mwenyezi Mungu humruzuku mja wake, na serikali huwaruzuku raia. Wananchi wanalijua. Mwaka 2022, bei ya mafuta ilipopanda, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na hakuna aliyehitaji kufasiriwa.

Kwa sababu hiyo hiyo twahuzunika kuona rasimu ikilitumia kwa mambo manne tofauti. La kwanza ni fedha ambazo serikali humlipia mwenye nyumba sehemu ya gharama. India, kwa mpango ulioanzishwa mwaka 2024, hutoa hadi rupia 78,000 kwa nyumba. Hiyo ni ruzuku hasa. La pili ni kupunguziwa kodi. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 2022, ilimruhusu mwenye nyumba kupunguza kodi yake ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama za mtambo, na nafuu hiyo ilikoma mwisho wa mwaka 2025. Hilo ni "punguzo la kodi", na asiye na kodi ya kutosha ya kupunguziwa hafaidiki nalo. Kuliita ruzuku ni kumwahidi maskini kitu ambacho hakitamfikia. La tatu ni bei maalumu. Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 2000, iliwahakikishia wapelekaji bei isiyobadilika kwa miaka 20. Hiyo ni "bei ya kupelekea", nayo ni malipo ya bidhaa iliyouzwa.

La nne ndilo linalotugusa zaidi. Katika ukurasa wa mwisho rasimu inayaita yale yale iliyokwisha kuyaita mkopo, yaani salio la uniti zilizopelekwa, kuwa "ruzuku ya shirika kwa mteja". Kwa hiyo mwenye nyumba aliyeanza kijitabu akiwa mdaiwa, anakimaliza akiwa mwombaji. Hakuna ukurasa hata mmoja alipokuwa muuzaji. Mwenye kuruzukiwa hushukuru, wala hahoji kiasi. Mwenye kuuza huhoji mizani. Mkulima wa karafuu wa Pemba, ambaye ameishi maisha yake yote akiangalia mizani na daraja za karafuu zake kituoni, anajua vema tofauti ya kuuza na kupewa. Rasimu imemnyang'anya ujuzi huo kwa neno moja.

Hatusemi kwamba salio hilo halina ubishi. Wapo wenye hoja ya haki kwamba mwenye paneli, anapopunguza malipo yake, huwaachia wasio na paneli mzigo wa nguzo na waya, na kwamba wasio nazo aghalabu ndio maskini. Hoja hiyo yahitaji jina lake, nasi twapendekeza "kubebana", neno ambalo watu wamekwisha kulitumia. Kubebana kupo hata bila ya jua: huko Bara mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hutozwa bei ya chini, naye hubebwa na wengine. Lakini hapo ubishi ni nani ambebe nani. Jambo hilo huamuliwa na wananchi na mdhibiti wao. Mfasiri hana ruhusa ya kuliamua kimya kimya kwa kuita haki ya mmoja ruzuku.

5. Mtambo usiofanya kazi kisiwani

Sentensi moja ilitufanya tucheke, kisha tukaacha kucheka. Rasimu inasema: "Kwa usalama, mtambo hautafanya kazi kisiwani." Kijitabu cha Pemba kinawaambia Wapemba kwamba mtambo hautafanya kazi Pemba!

Wahandisi huita "kisiwa" sehemu ya gridi iliyotengana na nyingine lakini bado ina umeme kwa sababu kuna mtambo mdogo unaoilisha. Hali hiyo ni hatari, kwani fundi aliyepanda nguzoni akijua kwamba laini imezimwa aweza kuuawa na umeme utokao kwenye paa la mtu. Kwa hiyo inveta zilizounganishwa na gridi hutengenezwa zijizime pindi gridi inapozimika.

Hili mwananchi wa Pemba anatakiwa alijue kuliko jambo jingine lolote katika kijitabu. Wengi watanunua paneli wakitumaini kwamba siku waya wa Tanga utakapopata hitilafu wao watabaki na taa. Ikiwa hawana betri na kifaa cha kujitenga na gridi, watakaa gizani mchana kweupe chini ya paneli zao. Tusitafute jina la kisiwa hapa. Tuseme waziwazi "kujizima pamoja na gridi".

6. Madogo mawili

Rasimu imeandika "kilowati kwa saa" kila mahali palipotakiwa "kilowati-saa". Kosa hili limeenea hata kwa waandishi wa magazeti. Mchumaji karafuu hulipwa kwa pishi alizochuma, wala halipwi kwa kasi ya mkono wake. Kilowati ni kasi. Kilowati-saa, yaani uniti, ndiyo pishi. Kusema "kwa saa" ni kugawanya mahali pa kuzidisha.

Pili, "paneli za darini". Dari iko ndani ya nyumba, chini ya paa, na huko jua halifiki. Ni "paneli za paani", au "za juu ya paa".

7. Mapendekezo

Twaleta haya mbele ya wasomaji:

Hesabu ya tofauti: utaratibu wa kutoa umeme uliotoka nyumbani katika umeme ulioingia, na kulipia kinachobaki. Huwa kwa uniti au kwa fedha.

Upimaji wa jumla: utaratibu wa kupima na kuuza umeme wote uliofuliwa, na kununua wote uliotumika.

Uniti ziingiazo, uniti zitokazo: yale mambo mawili yanayoandikwa na mita ya pande mbili.

Salio la mteja: uniti au fedha ambazo mteja analidai shirika kwa umeme aliopeleka.

Bei ya kupelekea: bei ya uniti moja itokayo.

Ruzuku: fedha za serikali zinazolipa sehemu ya gharama. Isitumiwe kwa punguzo la kodi, msamaha wa kodi, wala salio la mteja.

Kubebana: hali ya kundi moja la wateja kulipa sehemu ya gharama za kundi jingine.

Kujizima pamoja na gridi: tendo la mtambo kujizima gridi inapokosa umeme.

Hatudai kwamba tumemaliza. Tumesifu mahali rasimu ilipostahili: imeacha "gridi", "uniti", "paneli" na "umeme wa jua" kama watu wasemavyo, wala haikujaribu kuwabunia majina mapya ambayo yangekufa siku ya kuzaliwa. Tungeomba tu busara hiyo hiyo itumike kwa maneno ya hesabu, ambayo ndiyo yanayoingia mfukoni. Walimu na mafundi wa Pemba wenye neno bora kuliko "tofauti" au "salio" watuandikie, na wenzetu wa BAKIZA tutawapelekea mapendekezo haya ili yapimwe pamoja. Rasimu tumemrudishia mwalimu wetu ikiwa na masahihisho, naye ameahidi kuwasomea tena jirani zake na kutuletea maswali yao. La yule mzee tumekwisha kulijibu: hakuna riba, kwa sababu hakuna mkopo.